Kiti Cheusi: Uhakiki wa Ushairi wa Kiwelisi

Watu wana desturi ya kupima lugha kama wapimavyo shamba. Huuliza ina wasemaji wangapi, inasemwa katika nchi ngapi, na inamletea mtu shilingi ngapi. Lugha yenye wasemaji wengi huitwa kubwa, na yenye wasemaji wachache huitwa ndogo. Na jina hilo likisha kutolewa, hukumu nyingine hulifuata nyuma kimya kimya. Huaminiwa kwamba lugha ndogo ina mawazo madogo. Kwamba yatosha kwa salamu, kwa mazungumzo ya jikoni na kwa maombolezo ya matanga, lakini haina nguvu za kubeba fikira nzito. Katika insha hii nataka kuijaribu hukumu hiyo. Sitaijaribu kwa kelele, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Nitachukua lugha moja isiyojulikana sana kwetu, niutazame ushairi wake kama mhakiki atazamavyo kazi yoyote, kwa sifa zake na kasoro zake. Kisha msomaji atapima mwenyewe.

Lugha hiyo ni Kiwelisi. Husemwa katika Welisi, nchi ya milima na kondoo iliyo magharibi ya kisiwa cha Uingereza, ambayo wapenzi wa kandanda huifahamu kwa jina la Wales. Wenyewe huiita lugha yao Cymraeg. Isidhaniwe kuwa ni lahaja ya Kiingereza. Ni lugha ya jamii ya Kiselti, ndugu wa Kibretoni kinachosemwa Ufaransa, na lugha iliyoizaa ilisemwa kisiwani humo kabla Kiingereza hakijavuka bahari kufika huko. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, Wawelisi wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliosema kuwa wanaijua lugha hiyo walikuwa kama 538,000, yaani karibu watu 18 katika kila 100. Hesabu yetu ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu karibu milioni 2 waliojitaja kuwa Wameru peke yao. Basi kwa kipimo cha shamba, Kiwelisi ni kiwanja kidogo tu kando ya ua wa jirani mkubwa mno, na huyo jirani ni Kiingereza.

Hata hivyo, ndani ya kiwanja hicho umepandwa mti ambao sijui kama una mwenzake katika ushairi wa dunia. Jina lake ni cynghanedd. Msomaji wa Kiswahili asiliogope neno hilo. Katikati yake husikika sauti iliyo karibu na ng' ya ng'ombe ikifuatwa na h, na zile d mbili za mwisho ni dh yetu ya dhahabu. Maana yake ni mapatano ya sauti. Nasi tuna mapatano yetu, ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza ameyasikia: mizani na vina. Katika shairi letu la kawaida, mshororo una mizani kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao, na vina hukaa katikati na mwishoni. Mwelisi naye huhesabu silabi. Lakini baada ya kuhesabu hajamaliza kazi. Ndipo kwanza anaianza. Yambidi kuzipanga konsonanti za mshororo kwa sheria.

Nitaieleza sheria hiyo kwa maneno ya Kiswahili, kwa kuwa lugha hizi mbili zinafanana kwa jambo moja la ajabu: zote mbili kwa kawaida hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Chukua maneno haya niliyoyatunga kwa ajili ya darasa langu: safari yako, sifuri yake. Ziondoe irabu zote. Katika nusu ya kwanza zitabaki s, f, r, y, k. Katika nusu ya pili zitabaki s, f, r, y, k. Konsonanti zile zile zimerudi kwa mpango ule ule, bali irabu zimebadilika. Hiyo ndiyo namna moja ya cynghanedd, ambayo nusu moja ya mshororo huijibu nusu nyingine konsonanti kwa konsonanti, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Sasa badili neno moja tu: safari yako, faida yake. Maana ni njema, pengine njema zaidi. Lakini f na d haziwezi kuzijibu s, f na r, na mwamuzi wa Kiwelisi angeukataa mshororo huo bila kusita.

Namna nyingine huchanganya vina na konsonanti. Mshororo hugawanywa sehemu tatu. Ya kwanza na ya pili hupatana kwa kina, ya pili na ya tatu hupatana kwa konsonanti. Tukiendelea na mchezo wetu twaweza kusema: bahari, safari, sifuri. Bahari na safari zina kina kimoja; safari na sifuri zina konsonanti zile zile. Mfano huu ni wa kitoto, nami nakiri. Lakini hebu msomaji ajaribu kutunga mishororo minne ya namna hiyo yenye maana ya kweli, isiyopinda sarufi, na yenye huzuni au furaha ndani yake. Akisha kujaribu kwa muda wa saa moja, ataanza kuwastahi wachungaji wa kondoo wa Welisi.

Nasema wachungaji kwa kusudi. Sanaa hii ilianza katika nyumba za wakuu, ambao waliwalisha washairi na kusifiwa nao. Katika karne ya 14 alitokea Dafydd ap Gwilym, mshairi wa mapenzi, wa upepo na wa ndege wa pwani, ambaye wengi humhesabu kuwa mkuu wa washairi wote wa lugha hiyo. Katikati ya karne ya 15, katika mkutano uliofanyika mjini Carmarthen, Dafydd ab Edmwnd alizipanga bahari za ushairi zikawa 24, na sheria hizo zimeendelea kuheshimiwa. Baadaye wakuu waliiacha lugha ya watu wao wakafuata ya mfalme, na sheria ya mwaka 1536 ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na kuwazuia wasiokijua wasishike cheo cha serikali. Hapo ndipo sanaa ya wakuu ilipookotwa na wakulima, mafundi na wachimba makaa ya mawe. Lugha iliyofukuzwa barazani ikakaa jikoni, lakini haikusahau adabu za barazani.

Sasa tufike kwenye kazi ya uhakiki. Je, sheria kali namna hii ni faida au hasara kwa ushairi? Swali hili si geni kwetu. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, na wengi wakakifuata. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyoiacha njia ya vina na mizani, na ugomvi uliozuka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko haujaisha hata leo. Upande mmoja husema kwamba shairi lisilo na vina ni wali usio na chumvi. Upande wa pili husema kwamba vina ni pingu.

Ushairi wa Kiwelisi watoa ushahidi kwa pande zote mbili. Kasoro ya kwanza ya sheria kali ni kwamba mtunzi mvivu wa fikira aweza kujificha nyuma yake. Anayejua kupanga konsonanti aweza kutunga mishororo elfu isiyosema lolote, nasi tukaisifu kwa sababu inalia vizuri. Ngoma tupu nayo hulia. Kasoro ya pili ni kwamba mtunzi akikosa neno lenye sauti inayotakiwa, hushawishika kuchukua neno la kale lisiloeleweka au kuipinda sentensi hata ikavunjika. Mwalimu yeyote aliyesahihisha mashairi ya wanafunzi wa Kiswahili ameiona kasoro hii, pale mtoto aandikapo neno lisilo na maana yoyote kwa kuwa linaishia na kina anachokitafuta.

Lakini faida ni kubwa pia. Sheria humkataza mtunzi kulitumia neno la kwanza linalomjia. Humlazimu aende mbali zaidi, ahesabu akiba yote ya lugha yake, aamshe maneno yaliyolala, alinganishe hili na lile. Na katika kutafuta huko aghalabu hukutana na wazo ambalo asingelipata kama njia ingekuwa tambarare. Tena, sheria huifanya kazi ikumbukwe. Shairi dogo la Kiwelisi liitwalo englyn lina silabi 30 tu katika mishororo minne: kumi, sita, saba na saba. Hilo hukaa kichwani bila kuandikwa, nalo limechongwa juu ya makaburi mengi ya nchi ile. Watu maskini wasio na vitabu huhitaji mashairi yanayojihifadhi yenyewe.

Jambo linalonivuta zaidi ni mahali zinapopimwa kazi hizo. Wawelisi wana mashindano yanayoitwa eisteddfod, neno linalotokana na kuketi, kwa hiyo tafsiri yake nzuri ni kikao. Habari zake ni za kale. Mwaka 1176 mtawala Rhys ap Gruffydd alifanya karamu katika ngome ya Cardigan, akatoa kiti kwa mshairi bora na kingine kwa mpiga muziki bora. Mashindano ya taifa ya siku hizi huhesabiwa tangu mwaka 1861, yalipofanyika Aberdare. Tuzo tukufu ya bahari za kale bado ni kiti, kiti cha kweli cha mbao, kinachochongwa na fundi kwa mashindano ya mwaka ule tu. Washairi hupeleka kazi zao kwa majina ya kubuni ili waamuzi wasijue nani ni nani. Siku ya hukumu, watu maelfu huketi kimya. Mwamuzi hueleza sifa na makosa ya kazi zilizoletwa, kisha hulitaja jina la kubuni la mshindi. Baragumu hulia, na mahali fulani katikati ya umati mtu mmoja husimama. Mkuu wa sherehe huuliza mara tatu kama kuna amani, na watu wote hujibu kwamba ipo, ndipo mshairi aketishwe. Na waamuzi wakiona hakuna kazi inayostahili, kiti hubaki kitupu mwaka ule, wala hakuna anayeona haya.

Desturi hiyo ya mwisho ndiyo naiona kuwa siri ya mambo yote. Lugha hii yenye wasemaji wachache haisemi, "Sisi ni wachache, basi tupokee chochote." Yasema, "Sisi ni wachache, basi tusipokee kilicho hafifu." Huko ndiko kujistahi.

Mwaka 1917 mashindano yalifanyika Birkenhead, nje ya Welisi, mji wa Kiingereza ulio ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Dunia ilikuwa vitani. Tarehe 6 Septemba waamuzi walitangaza kwamba mshindi wa kiti alikuwa ametumia jina la Fleur-de-lis. Waziri Mkuu wa Uingereza, David Lloyd George, ambaye mwenyewe alikuwa amelelewa kwa Kiwelisi, alikuwapo. Baragumu lililia. Hakusimama mtu. Ndipo umati ulipoambiwa kwamba mshairi aliuawa vitani nchini Ubelgiji tarehe 31 Julai, wiki tano zilizotangulia. Kiti kilifunikwa kwa kitambaa cheusi, na tangu siku hiyo mashindano yale huitwa ya Kiti Cheusi. Fundi aliyekichonga kiti hicho, Eugeen Vanfleteren, alikuwa mkimbizi kutoka Ubelgiji, nchi ile ile iliyoupokea mwili wa mshairi.

Jina la mshairi lilikuwa Ellis Humphrey Evans, na jina lake la utunzi Hedd Wyn, maana yake amani njema, amani iliyobarikiwa. Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Trawsfynydd, mtoto wa kwanza kati ya 11. Aliacha shule akiwa na umri wa kama miaka 14, akawa mchungaji katika shamba la babake, Yr Ysgwrn. Hakupata chuo kikuu. Chuo chake kilikuwa mlima, kanisa na mashindano madogo ya vijijini, ambako alijishindia viti kadhaa. Vita vilipotaka vijana, alikwenda yeye ili mdogo wake asichukuliwe. Kazi aliyoishindania alianza kuitunga nyumbani, akaimalizia akiwa askari Ufaransa, akaitia posta katika mwezi ule ule aliokufa. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Huzuni ya kisa hiki ni kubwa, na huzuni ni adui wa uhakiki. Ni rahisi kuisifu kazi kwa sababu mtunzi wake alikufa kijana. Yatupasa tuupanguse uso machozi kwanza, kisha tuulize: shairi lenyewe ni zuri?

Shairi lililoshinda linaitwa Yr Arwr, maana yake Shujaa. Ni utungo mrefu wa bahari za kale, na ndani yake wamo watu wawili wakuu: binti wa dhoruba, na huyo shujaa. Binti alia kwa kutengwa na shujaa wake. Shujaa ateseka kwa ajili ya wanadamu. Na mwisho wao waungana, na enzi njema yaahidiwa. Wahakiki wamebishana sana juu ya maana ya wahusika hawa. Wengine humwona shujaa kuwa mfano wa haki na uhuru, na binti kuwa uzuri wa maumbile na nguvu ya kuumba. Mimi nauona ubishi huo wenyewe kuwa dalili ya kasoro. Mawazo yanaelea juu sana, kama mwewe asiyetua, na msomaji hapewi jiwe la kukanyaga wala mlango wa kuingilia. Ukilisoma katika tafsiri, ambamo konsonanti zote zimepotea, unabaki na mwili wa ngoma usio na ngozi. Uzuri wake mwingi uko katika sauti, na sauti haisafiri.

Lakini mshairi yule yule aliacha shairi dogo la beti tatu tu, liitwalo Rhyfel, yaani Vita. Hilo halifuati bahari za kale. Lina vina vya kawaida na maneno ya kila siku. Mshairi aona Mungu amesogea mbali na binadamu ameyainua mamlaka yake mwenyewe. Aona vinubi vya zamani vimetundikwa mitini bila wa kuvipiga, na damu ya vijana imechanganyika na mvua. Basi. Hakuna binti wa dhoruba, hakuna fumbo. Shairi lile kubwa lilimpatia kiti. Hili dogo lilimpatia mioyo ya watu, na ndilo hukaririwa zaidi hata leo.

Je, tuseme basi kwamba wanamabadiliko wameshinda, na sheria zitupwe? La. Mtu asome vizuri mpango wa mambo. Mkono ulioandika Vita ulikuwa umefundishwa tangu utoto kupima kila sauti. Hedd Wyn aliweza kusema kwa maneno machache na mepesi kwa kuwa alikuwa ameyahangaikia maneno mengi na magumu. Sheria ilikuwa shule yake, hakuifanya gereza. Huo ndio uamuzi wangu katika ugomvi wetu wa nyumbani pia: anayeziacha sheria baada ya kuzimudu ameziacha kwa uhuru, na anayeziacha kwa kutozimudu amekimbia tu.

Vita vile vilifika kwetu pia. Wanaume wengi wa Afrika Mashariki walibebeshwa mizigo ya majeshi wakafa njiani kwa homa, kwa njaa na kwa uchovu. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebaki na jina la kikosi chao cha wapagazi. Bila shaka miongoni mwao walikuwamo watunzi na waimbaji, kwa lugha nyingi. Lakini hakukuwa na baragumu la kuwaita, wala kiti cha kufunikwa.

Sasa yanibidi kusema neno juu ya shule, kwa kuwa uhakiki wa kazi za lugha haukamiliki bila kutazama lugha hiyo ilipitia nini. Katika karne ya 19 zilikuwapo shule nyingi za Welisi ambamo mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi W na N. Alikivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa, ndipo amvike yeye. Na aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Haikuwa amri ya serikali. Ilikuwa desturi ya walimu, na wazazi wengi waliiridhia, wakiamini kwamba lugha ya nyumbani itawazuia watoto wao wasiendelee. Mwaka 1847 wajumbe watatu wa serikali, wasiojua Kiwelisi, walitoa taarifa kubwa juu ya elimu ya nchi hiyo, wakaitaja lugha hiyo kuwa kizuizi cha maadili na cha biashara. Wawelisi hawajaisahau taarifa hiyo, ambayo huiita usaliti wa vitabu vya buluu.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kibao hicho ni kitu gani. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ukombozi wa fikira, na mimi mwenyewe, niliyezaliwa miaka mingi baada ya uhuru, nimekivaa. Shuleni kwetu tulikiita disiki. Siku moja nilikuwa darasa la nne, nyuki akaniuma shingoni, nikalia kwa lugha ya mama; maana hakuna mtu aliaye kwa lugha ya kujifunza. Nikavikwa disiki. Wakati wa mapumziko nilimwendea rafiki yangu, nikamwonyesha ndege juu ya mti, nikamwuliza kwa hila anaitwaje. Jina la Kiingereza hakulijua. Akalisema lile tulilofundishwa na bibi zetu, nami nikamvika kamba shingoni. Jioni alichapwa. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi tangu nilipokwenda chuoni kusomea ualimu, na kila mara huona kwamba rafiki yangu hakupigwa kwa kutojua. Alipigwa kwa kujua.

Yasisemwe kwamba mashairi peke yake yaliiokoa lugha ya Welisi. Mhakiki mwaminifu hawezi kusema hivyo. Mwaka 1911 wasemaji wake walikuwa kama 977,000, zaidi kidogo ya watu 43 katika kila 100. Tumekwisha kuona wamebaki wangapi, licha ya viti vyote vilivyochongwa. Yaliyoishikilia lugha hiyo ni mengi: Biblia iliyotafsiriwa na William Morgan na kutolewa mwaka 1588, ambayo iliipa nchi nzima sanifu moja, hotuba ya redioni ya Saunders Lewis ya mwaka 1962, iliyowaonya watu kwamba lugha yao itakufa wasipoipigania, sheria za mwaka 1967 na 1993, kituo cha televisheni kilichoanzishwa mwaka 1982, na shule ambazo leo hufundisha karibu masomo yote kwa lugha hiyo. Mwaka 2017 serikali ya Welisi iliweka lengo la kufikisha wasemaji milioni 1 ifikapo mwaka 2050. Hakuna ajuaye kama watafika.

Lakini mashairi yalifanya kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya. Sheria yaweza kumruhusu mtu aseme lugha yake. Haiwezi kumfanya aitamani. Mtu huitamani lugha yake anapoona ndani yake kitu kigumu na kizuri kisichopatikana penginepo. Mwaka 2001 Mererid Hopwood alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha taifa kwa ushairi wa bahari za kale, na sheria alizozifuata ni zile zile za karne ya 15. Tangu mwaka 1979 redio ya huko hutangaza kipindi cha mashindano ambamo makundi ya washairi, walimu na wakulima pamoja, hutunga na kupewa alama hadharani. Watu hukisikiliza kama sisi tusikilizavyo mpira.

Basi, mwanafunzi mpenzi, tuirudie hukumu tuliyoanza nayo. Nionavyo mimi, ushahidi umeikataa. Lugha haiwi ndogo kwa uchache wa wasemaji wake. Huwa ndogo pale wenyewe wanapoacha kuidai kazi ngumu. Wanapoipa salamu na mzaha, na fikira zao nzito wakazipeleka kwa jirani. Kama lugha ya nyumbani kwenu ni Kitaita, Kipokomo, Kisuba au Kigiriama, usiisifu tu katika siku za sherehe kisha uiache mlangoni. Keti nayo. Tafuta sheria za nyimbo zake, maana hakuna lugha isiyo nazo: jinsi mwimbaji anavyogawa pumzi, mahali mwitikio unapoingia, sauti zinazorudiwa na zinazoepukwa. Muulize bibi yako, uandike. Kisha jaribu kutunga beti moja kwa sheria hizo, na ukiona ni hafifu, uwe na ujasiri wa kukiacha kiti kitupu mpaka utunge iliyo bora.

Na ukikutana na ndege usiyemjua jina kwa Kiingereza, mtaje kwa jina unalolijua. Rafiki yangu alikuwa na haki.